Mke wa Jina, Mke wa Mkono

Hapo zamani, wakati wafalme wa nchi za baridi walipokuwa wakioa wanawake wasiowajua hata kwa sura, palikuwa na msichana aitwaye Odilia. Nisikilizeni vizuri, maana kisa hiki kina hukumu, na hukumu yenyewe nitawaachia ninyi.

Enzi hizo Uingereza ilikuwa chini ya wafalme wa ukoo wa Tudor, na falme ndogo zilizopakana nayo hazikuwa na usingizi. Mmoja wa hizo uliitwa Averne, nchi ya mawe na mvua. Mfalme wake, Godfrey, alikuwa mgane wa makamo. Alikuwa na ardhi, hakuwa na askari. Ng'ambo ya bahari, baba yake Odilia, Mtawala Konrad, alikuwa na askari, hakuwa na ardhi ya kutosha. Wakubwa wakazungumza, wakaelewana: binti aende Averne akaolewe, na askari waende naye.

Odilia alikuwa akichambua sufu na yaya wake, Berta, baba yake alipoingia.

"Mwanangu, umeposwa. Unaolewa na Mfalme Godfrey wa Averne."

"Yukoje, baba?"

"Ni mfalme," baba akajibu, akatoka.

Picha hakuletewa. Godfrey hakuwa mtu wa kuketi kitako mbele ya mchoraji. Wala mwenyewe asingekuja, kwa sababu maadui walikuwa wanamsubiri aondoke tu waingie. Basi akafanya kama walivyofanya wafalme wenzake wa zama zile: akatuma mshenga. Na mshenga wa kifalme hakuishia kupeleka posa. Alisimama kanisani mahali pa bwana harusi, akasema maneno ya bwana harusi, akamvisha bibi harusi pete, kisha akamsindikiza hadi kwa mwenyewe.

Desturi hiyo baba aliijua. Yaya aliijua. Baba alidhani yaya amemweleza binti, maana hayo ni mambo ya wanawake. Yaya alidhani baba amemweleza, maana hayo ni mambo ya serikali. Mama angemweleza, lakini mama alikuwa kaburini. Basi Odilia hakuelezwa na mtu.

Mshenga akaja. Jina lake Ambrose, rafiki wa mfalme tangu utotoni, mrefu, mwenye mwanya na sauti ya pole. Alikuwa amevaa joho la mfalme mwenyewe, jekundu, lenye manyoya shingoni. Kila alipopita watu waliliinamia lile joho. Odilia alichungulia dirishani, akaona watu wanainama, akajisemea: "Kumbe ndiye huyu." Moyo uliokuwa umemkaza tangu siku ya posa ukalegea kidogo.

Siku ya ndoa, aliyetafsiri alikuwa Padri Lambert, mtu pekee katika msafara ule aliyezijua lugha zote mbili. Siku hiyo alikuwa na mafua, macho yanamchuruzika, na kanisa lilikuwa baridi kama kisima. Ambrose akasema kwa lugha ya Averne: "Mimi, kwa jina la Godfrey mfalme, ninakuoa."

Padri Lambert akapiga chafya, akatafsiri: "Mimi, kwa jina Godfrey, mfalme, ninakuoa."

Mmeisikia ile "la"? Haikusikika. Ilidondoka palepale madhabahuni na hakuna aliyeiokota, kwa kuwa kila mtu kanisani alikuwa anajua kinachofanyika, na anayejua hasikilizi sana. Asiyejua alikuwa mmoja. Alimtazama Ambrose machoni, akasema: "Nimekubali."

Kwenye karamu, Ambrose hakuketi karibu naye. Baina yao palikuwa na kiti kitupu, kimetandikwa kitambaa cha dhahabu, na watumishi wakawa wanakiwekea chakula kile kiti. Odilia akashangaa. Akajiambia: "Pengine ndivyo wafanyavyo kwao."

Wakasafiri. Yaya Berta alibaki, bahari aliiogopa. Wanawake waliomhudumia Odilia melini walikuwa wa Averne, hawakujua neno la lugha yake. Ambrose hakuingia chumbani kwake. Alilala nje ya mlango, juu ya mbao, amejifunika lile joho. Odilia akashangaa. Akajiambia: "Pengine ndivyo wafanyavyo kwao."

Sasa, katika lugha ya kina Odilia, neno la mume na neno la mheshimiwa lilikuwa moja, kama sisi tunavyosema bwana. Odilia akimwita Ambrose "bwana," moyoni anamwita mume. Ambrose akiitwa "bwana," anasikia heshima, anainamisha kichwa. Hivyo waliishi kwa neno moja, kila mtu na maana yake.

Waliposhuka pwani ya Averne, Odilia akashikwa na homa. Wakamlaza katika nyumba ya wageni iliyonuka moshi. Hakuna chakula kilichokaa tumboni. Ambrose akaingia jikoni mwenyewe, akafukuza wapishi, akapika uji wa shayiri. Ukaungua. Akauleta hivyohivyo, amepakaa masizi hadi puani, na Odilia, ambaye hakuwa amecheka tangu aondoke kwao, akacheka mpaka akakohoa. Akaunywa wote.

Kisha akamwita Padri Lambert. "Padri, niulizie. Nikishapona, bwana wangu ataacha kulala mlangoni? Mimi mke wake nimemkosea nini?"

Padri Lambert akaganda. Palepale akaelewa kila kitu: chafya, ile "la," yale maneno. Akaona akilini binti anageuza meli kurudi kwao, askari wanaondoka naye, maadui wanaingia, na kichwa chake mwenyewe kinabingirika. Ambrose alikuwa anamsubiri.

"Anasema nini?" Ambrose akauliza.

"Anashukuru kwa uji."

"Mwambie augue pole."

"Anasemaje?" Odilia akauliza.

"Anasema ugua pole, binti mtukufu," akajibu padri. Na jasho lilikuwa linamtoka.

Safari ikaendelea kwa farasi. Njiani Ambrose alimfundisha Odilia maneno ya Averne, na Odilia akamfundisha ya kwao: uji, mvua, farasi, mkono. Hawakuwa na maneno mengi lakini waliyatumia vizuri. Asubuhi moja Odilia akasogeza farasi wake karibu. Alikuwa ameuliza wale wanawake waliomhudumia, kwa ishara, akionyesha pete, mpaka akapata alichotaka. Akasema polepole, kwa lugha ya Averne: "Mimi, mke wako."

Ambrose akasimamisha farasi.

Alikuwa na mambo ya kumwambia. Lakini maneno aliyokuwa nayo katika lugha ya yule binti yalikuwa uji, mvua, farasi, mkono. Neno la mshenga hakuwa nalo. Ni kweli Padri Lambert alikuwa nyuma yao, angeitwa mara moja angefika. Ambrose hakumwita. Alimtazama Odilia, uso umemwiva, akasema: "Mvua."

Na kweli ilikuwa inanyesha.

Tangu hapo akawa anatangulia mbele, hamgeukii. Odilia hakujua amekosa nini. Alilia ndani ya kofia ya koti lake, na safari hii hakupata la kujiambia.

Wakafika. Baraza la mfalme lilikuwa limejaa watu, kola zao pana kama sahani, tarumbeta zinalia. Odilia alinyoosha mgongo, akamshika Ambrose mkono ili waingie pamoja, mfalme na malkia. Ambrose akautoa mkono wake taratibu. Akapiga hatua mbele. Akapiga magoti.

Odilia akatazama huku na huku. Mfalme anampigia nani magoti?

Akaja mtu mnene mwenye mvi, anachechemea mguu mmoja, anatabasamu kwa haya kama mtoto aliyetumwa kusoma mbele ya wakubwa. Akasema kwa lugha ya kina Odilia, akiitafuta kila silabi: "Karibu nyumbani, mke wangu."

Odilia akarudi nyuma, akajificha mgongoni mwa Ambrose, akalikamata lile joho kwa mikono miwili.

"Huyu baba ni nani? Kwa nini ananiita mkewe? Bwana wangu, mbona umenyamaza?"

Watu wakacheka, wakidhani ni aibu ya bibi harusi. Mfalme naye akacheka. Halafu akaiona ile mikono ilivyokamata joho. Akaacha kucheka.

Padri Lambert akaanguka chini. Akaungama yote pale sakafuni, kwa lugha mbili, analia, hadi akawa anawachanganya: anamwambia mfalme ya Odilia kwa lugha ya Odilia, na Odilia ya mfalme kwa lugha ya mfalme. Odilia akaziba masikio. "Simtaki huyu tena," akasema. Ikabidi atafutwe mke wa mfanyabiashara wa chumvi, mwanamke wa kwao, ndiye akawatafsiria.

Askofu wa Averne, mzee asiyesikia vizuri, akaketi kuamua. Mfalme Godfrey akasema kwanza.

"Baba Askofu, mimi sikumdanganya mtu. Nilituma posa kwa jina langu, ikapokelewa kwa jina langu. Pete ni ya marehemu mama yangu. Niliposikia kuwa binti hazoei baridi yetu, nikamjengea jiko la vigae la kupasha chumba joto, kama la kwao, nikajifunza salamu yake, ulimi wangu huu mzito. Nimesubiri dirishani kama kijana. Kwa nini nimpoteze mke kwa sababu padri alipiga chafya?"

Watu wakanong'ona: ni kweli.

Ambrose akainuka. "Mtukufu, sina ninalodai."

"Sikukuuliza unadai nini," mfalme akamkata. "Tumecheza wote tope moja, Ambrose. Sema ukweli mbele yangu."

Ambrose akamgeukia. "Basi ukweli ni huu. Nilisema maneno yako, na sikumgusa. Lakini mkono alioushika ni wangu. Macho aliyoyatazama akasema nimekubali ni yangu. Alipougua, aliyekaa mlangoni ni mimi. Na aliponiita mumewe, ningeweza kumweleza, nikanyamaza. Asubuhi ile ndipo nilipokuibia, rafiki yangu. Kama ndoa ni kukubaliana kwa watu wawili, yeye alinikubali mimi madhabahuni, na mimi nilimkubali njiani, kwenye mvua."

Watu wakanong'ona tena: na hilo nalo ni kweli. Walinzi wakashika panga zao wakimtazama mfalme. Mfalme akawazuia kwa mkono.

Kamanda wa askari wa Konrad akasogea, kofia kifuani. "Mtuwie radhi. Vijana wangu wako nje wanauliza. Tumekuja kumlinda malkia. Kama hakuna malkia, tunarudi kwetu. Na huko milimani nimeona moto wa kambi zisizo zenu."

Hapo ndipo wote wakamgeukia Odilia. Alimtazama yule mwenye mvi: uso wa mtu mwema. Akamtazama Ambrose: uso ule aliokuwa ameuzoea, ambao sasa haujui. Aliyepika uji ndiye huyohuyo aliyesema mvua.

"Mnaniuliza mimi," akasema, na mke wa mfanyabiashara wa chumvi akatafsiri neno kwa neno. "Mimi nilimkubali mtu mmoja. Jina lake Godfrey, mfalme, mrefu, mwenye mwanya na sauti ya pole. Mtu huyo ndiye mume wangu, na nimempenda. Sasa naingia hapa naambiwa jina lake analo huyu, na uso wake anao yule. Wote wawili wananidai. Mwenyewe yuko wapi? Mbona mimi najiona mjane?"

Askofu akaomba maneno yarudiwe, hakusikia vizuri. Yakarudiwa. Akashika ndevu, akasema neno alilotamka binti kanisani ni la ndoa, na ndoa haivunjwi. Alipoulizwa ni ndoa ya nani, akasema apewe muda.

Ndipo Mfalme Godfrey akafanya jambo ambalo watu wa Averne hawakulitegemea. Akasema: "Sitamkata mtu kichwa. Baraza litaamua, nami nitatii, hata kama uamuzi utaniuma. Akiwa wangu, awe wangu kwa haki. Akiwa wa Ambrose, nitawaozesha upya mwenyewe. Akiwa si wa mtu, nitampa meli arudi kwao, na hao wa milimani nitapambana nao kwa watu nilionao."

Baraza likawaka moto. Wazee wakasema ndoa ni jina, jina lisipoheshimiwa hakuna mkataba utakaosimama duniani. Wanawake wakasema ndoa ni mtu, nani ameona mwanamke akilala na jina? Vijana wakasema binti aachwe huru, kwani aliyedanganywa hajakubali chochote. Kamanda akasema huru ni sawa, lakini nani atawaambia watoto wa Averne kwa nini maadui wameingia? Wengine wakawa wanagombana juu ya makosa: baba asiyeeleza, padri aliyeficha, mshenga aliyenyamaza, mfalme aliyeposa bila kujionyesha.

Chakula cha harusi kikapoa mezani. Odilia alikuwa amesimama katikati yao, akimsikiliza mwanamke wa chumvi akihangaika kumtafsiria kelele za watu wote kwa pamoja.

Mimi nimewafikisha hapo barazani, na hapo ndipo ninapowaacha. Mmewasikia wote. Haya, semeni ninyi: Odilia ni mke wa nani? Ni wa Godfrey mwenye jina, ni wa Ambrose mwenye mkono, au ni mjane wa mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa?