Kiboko Alivyoandikisha Chungu cha Mwanakombo

Paukwa.

Pakawa.

Semeni kwa sauti, leo sina subira. Palikuwa na nini?

Palikuwa na chungu.

Chungu cha nani?

Cha mwenyewe.

Na mwenyewe ameandikwa wapi? Aa, hilo hamlijui. Haya, endeleeni kuchambua mchele wenu, mimi nasimulia. Na wewe shemeji Makame, uliyesimama mlangoni umeshika kofia, rudi ukae. Chai yako ipo. Hadithi hii huwezi kuikosa.

Kulikuwa na pimbi mmoja jike, mfupi, ana mashavu ya mviringo, anaishi kwenye miamba juu ya bonde. Tumwite Bi Pimbi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kupika uji wa wazazi. Mnyama akijifungua bondeni, watu wake wanapeleka ulezi kwa Bi Pimbi, naye anampikia mzazi uji wa pilipili manga kila asubuhi, siku arobaini, haipungui hata moja. Toko toko, toko toko, chungu kinachemka, harufu inashuka mpaka mtoni. Ulezi unaobaki ndio riziki yake.

Chungu chenyewe alikirithi kwa mama yake, Mwanakombo, na biashara nzima watu waliiita Chungu cha Mwanakombo. Mama alikwisha kufa zamani, lakini kila asubuhi jina lake lilikuwa likitajwa. Mtu anamuuliza mwenzake, mzazi amekula? Amekula, kaletewa cha Mwanakombo. Bi Pimbi alipenda kulisikia lile jina kuliko alivyoupenda ulezi.

Na mila ya bonde lile muijue mapema. Mzazi aliyekosa uji wake harudi nyumbani. Anakaa mlangoni pa mpishi, yeye na mtoto wake na ukoo wake wote, mpaka uji uje.

Basi mwaka mmoja likapigwa tangazo. Kila mwenye biashara aende Ofisi ya Majina kwa karani Kobe. Ahakiki kwanza kama jina lake halijachukuliwa na mtu, ajaze fomu, aweke dole, apewe cheti. Asiyejiandikisha asije akalia baadaye.

Bi Pimbi akachukua fomu, akaijaza kwa mwandiko mzuri. Jina la biashara: Chungu cha Mwanakombo. Kazi ya biashara: kumpikia uji kila mzazi wa bonde, siku arobaini. Umiliki: mtu mmoja, pekee. Ikabaki nafasi ya jina la mwenyewe na dole gumba, kwa sababu hayo hufanywa mbele ya karani.

Siku ya kwenda, mvua. Chururu, chururu, chururu. Na nyinyi mnawajua mapimbi. Ukoo mzima hauna mkia, kwa sababu siku mikia inagawiwa mvua ilinyesha, wakasema, yeyote anayepita atuletee na sisi. Wakaletewa? Mtazameni pimbi kwa nyuma mniambie. Ungedhani wamejifunza. Hawakujifunza kitu, na hilo linanichoma roho, maana namjua mtu mwingine mwenye akili hizohizo.

Mara gudu, gudu, gudu. Kiboko huyo anapita.

"Jirani, unakwenda wapi?" Bi Pimbi akauliza kutoka pangoni.

"Ofisi ya Majina."

"Basi nipelekee na mimi fomu yangu. Mvua hii nitaumwa kifua."

"Lete, jirani. Sisi si ndugu?"

Sisi si ndugu. Lishikeni neno hilo, litawafaa mkitaka kumwibia mtu.

Kiboko akafika. Kobe akalamba kidole, akafunua kitabu. Akalamba kidole, akafunua. Jina hakuliona popote.

"Jina liko huru," akasema. "Mwenye biashara ni nani?"

Kiboko akatazama kushoto. Akatazama kulia. Aliyemwamini hakuwepo.

"Mimi," akasema.

"Una mbia?"

"Sina. Peke yangu."

"Fomu umeisoma?"

"Nimeisoma," akasema Kiboko, naye hajasoma hata mstari. Kichwani mwake aliona ulezi tu, magunia kwa magunia, unashuka wenyewe mpaka mtoni.

Dole, pwap. Muhuri, pwap. Kobe hakuuliza zaidi. Hakuuliza kiboko na upishi wa uji wa wazazi wapi na wapi, wala Mwanakombo ni nani yake. Wako makarani wa hivyo. Fomu ikijaa, kwao haki imetendeka.

Asubuhi yake kibao kikasimama mtoni: CHUNGU CHA MWANAKOMBO. Chini yake: MWENYEWE NI KIBOKO. Bi Pimbi akashuka mbio.

"Jirani, umeandika nini pale?"

"Kilichomo kwenye cheti," Kiboko akasema, hata hakugeuza shingo. "Kuanzia leo ulezi unakuja kwangu. Wewe utapika. Ukimaliza nitakuachia makoko yaliyoganda chunguni."

"Makoko? Katika chungu cha mama yangu?"

"Mama yako hana cheti."

Jamani. Mtu amezikwa, hana wa kumjibia isipokuwa bintiye, na huyu analala kwenye tope lake anamwambia binti, mama yako hana cheti. Mimi ningekuwa pale ningemtia mwiko wa moto. Lakini Bi Pimbi ni mdogo, na Kiboko akipiga mwayo pimbi sita wanaingia mdomoni na nafasi inabaki. Akaondoka.

Mvua ilikuwa inanyesha vilevile. Safari hii hakumtuma mtu. Akatembea nayo mpaka ofisini, manyoya yamemgandia mwilini, akasimama mbele ya Kobe.

"Nimekuja kuhakiki jina."

Kobe akalamba kidole, akafunua. Akalamba kidole, akafunua. "Mwenyewe ni Kiboko."

"Fomu ile nimeiandika mimi."

"Dole si lako."

"Jina hilo ni la mama yangu."

"Kitabu hakimjui mama," Kobe akasema. "Kinamjua aliyekuja."

Bi Pimbi akalia. Si kilio cha huzuni, msimwonee huruma bure. Alilia kwa hasira, na hasira nyingine ilikuwa ya nafsi yake, kwamba mguu anao, macho anayo, na jina la mama yake alimpa mpita njia kwa kuogopa kulowa.

Alipomaliza kulia akafuta pua. "Ukurasa ninaruhusiwa kuusoma?"

"Kitabu cha wote. Soma."

Akasoma mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo huwa hatuyasomi. Yalisema hivi: mmiliki pekee ndiye hujibu peke yake kwa kazi yote ya jina lake, kwa alivyonavyo na kwa nafsi yake, wala hana wa kumsukumia. Akasoma mara ya pili. Machozi yakakauka.

"Nipe nakala yenye muhuri," akasema.

Kesho yake akaenda mtoni amebeba chungu kichwani na mwiko mkononi, mnyenyekevu, macho chini.

"Shikamoo, bwana Kiboko."

"Marahaba."

"Nimekuletea chungu chako. Jina ni lako, chungu nitakaa nacho vipi? Ila kuna maneno huko juu. Wanasema jina si lako peke yako. Wanasema tuko wabia, nusu yako, nusu yangu."

Kiboko akavimba. "Nusu? Nani kasema nusu?"

"Wote. Mimi nimewakatalia, hawanisikii. Labda ungewaita, Kobe awasomee, uwaambie kwa mdomo wako."

Basi Kiboko, gudu, gudu, gudu, bonde zima akaliita. Wakaja swala, wakaja ngedere, wakaja ngiri na matumbo yao makubwa, maana ulikuwa msimu wa kuzaa. Mama Tembo naye akaja, ana siku tatu tu tangu ajifungue. Kobe akaletwa na kitabu chake.

"Sikilizeni," Kiboko akaguta. "Chungu cha Mwanakombo ni cha nani?"

"Chako," wakasema.

"Nina mbia?"

"Huna."

"Kazi yake yote ni ya nani?"

"Yako peke yako."

"Na atakayesema ni ya Pimbi?"

"Mwongo."

Kiboko akacheka. Bi Pimbi akamwinamia Kobe, akasema kwa adabu, "Bwana karani, si uwasomee na kazi yenyewe?"

Kobe akasoma, polepole kama kawaida yake: kumpikia uji kila mzazi wa bonde, siku arobaini. Halafu akasoma maandishi madogo. Watu wakatazamana, kisha wote wakamtazama Kiboko. Bi Pimbi akaweka mwiko juu ya chungu, akapanda zake miambani.

Alfajiri: "Hodi."

"Nani?"

"Mzazi. Swala."

"Wataka nini?"

"Uji wangu, siku arobaini."

Hajajibu: "Hodi."

"Nani?"

"Mzazi. Ngiri, na watoto sita."

"Wataka nini?"

"Uji wangu, siku arobaini."

"Hodi." Ngedere. "Hodi." Nyumbu. Na ulezi waliouleta kabla, Kiboko alikwisha kuutafuna mbichi, wote, na vumbi lake. Akajaribu kupika majani ya mtoni. Toko, toko, fuuu, yakaungua. Mzazi mmoja akaonja, akatema. Hakuna aliyeondoka. Wakakaa mlangoni, na ukoo wao.

Halafu ardhi ikatikisika. Hakuna aliyepiga hodi.

"Mimi Mama Tembo," sauti ikasema juu. "Sina maneno mengi. Uji wangu."

"Siku arobaini?" Kiboko akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Arobaini. Leo ya kwanza. Tutasubiri hapahapa." Na ukoo mzima wa tembo ukaingia kwenye bwawa lake ukakaa. Maji yakatoka yote nje, Kiboko akabaki kwenye tope na jua la saa sita mgongoni.

Siku ya tatu ngozi imepasuka, akapanda miambani anakokota tumbo.

"Bi Pimbi, jirani yangu, chukua jina lako."

"Lako hilo. Umewaapia watu."

"Basi nenda ofisini ukanifutie. Sisi si ndugu?"

"Undugu upo," Bi Pimbi akasema. "Ila mimi situmi mtu tena, wala situmwi. Nenda mwenyewe."

Akaenda. Kobe akalamba kidole. Fomu ya kufuta imekwisha, njoo kesho. Kesho muhuri umekauka wino, njoo kesho kutwa. Na kila akirudi bwawani, tembo wanauliza, uji? Siku ya sita dole, pwap. Muhuri, pwap. Jina likafutwa.

"Jina liko huru," Kobe akasema. "Kuna anayelitaka?"

Bi Pimbi alikuwa amesimama mbele ya meza tangu alfajiri. Mvua ilikuwa imemlowesha mpaka mifupa.

"Mwenye biashara ni nani?"

"Mimi, binti Mwanakombo," akasema, akaweka dole lake mwenyewe.

Jioni ile wazazi wote walikunywa uji. Ulezi alinunua Kiboko kwa mali yake, gunia kwa gunia, maana ule alioutafuna, bwana, una wenyewe.

Hadithi imekwisha. Ikiwa nzuri gawaneni, ikiwa mbaya mwachieni shemeji ainywee chai. Na funzo lake ni hili, watoto mlishike: mkiwa na biashara, msihangaike kwenda ofisini, hasa mvua ikinyesha. Mpeni fomu ndugu mwenye mdomo mkubwa. Ndugu hadhulumu.

Mbona hucheki, shemeji Makame? Mwezi wa nne nilikuwa na homa, ukaniambia, Zuwena, pumzika, lete fomu nikupelekee, sisi si ndugu? Jana nimekwenda kuhakiki. Dada wa dirishani akanigeuzia kompyuta nione. Mkate wa Kumimina wa Zuwena. Mmiliki pekee: Makame. Miaka kumi na moja nauoka mkate huo wa mchele, moto unaichoma mikono hii, na kitabuni simo.

Lakini sina ugomvi. Jina ni lako, peke yako. Kesho ndiyo Ijumaa, na kila anayenijua nimekwisha kumwelekeza kwako. Kuna harusi ya Bi Salma, sinia themanini, kabla ya adhuhuri. Kuna hitima kwa mzee Faki, sinia hamsini. Na watu wa harusi nimewaambia, wakikosa, wakae mlangoni kwako.

Unga uko jikoni, shemeji. Au asubuhi twende wote ofisini?

Haya, semeni tena. Palikuwa na nini?

Palikuwa na chungu.

Chungu cha nani?

Nataka ajibu yeye.