Punda Aliyeshinda Kesi ya Kiti

Hapo zamani, siku ya Jumanne, saa nne kasorobo ya asubuhi, Mize binti Kheri, mfua nguo wa mji wa Mtangao, alinyang'anywa kiwanja alichoachiwa na mama yake. Kilikuwa na upana wa hatua kumi na tisa, na ndani yake kisima kimoja. Bila kisima hicho asingeweza kufua, na bila kufua asingekula.

Sheria ya mji ule ilikuwa nzuri. Ilimwamuru hakimu asipendelee uso wa tajiri wala uso wa maskini, na asipokee zawadi ya mtu yeyote mwenye shauri. Basi wazee wa mji, kwa kuogopa kukosea, wakatundika pazia zito barazani, ikawa hakimu hukaa nyuma yake asione uso wa mtu. Wenye kesi hawakuruhusiwa hata kusema, sauti zao zisije zikajulikana. Karani ndiye aliyesoma madai, nao walisimama kimya, mmoja kulia na mmoja kushoto.

Siku hiyo Mize alisimama kushoto. Kulia alisimama Mwinyi Hatibu, tajiri aliyekuwa ameingilia upande mmoja wa kiwanja kile miezi miwili nyuma, na sasa akikidai chote. Karani akasoma. Nyuma ya pazia ikasikika pumzi ikivutwa kwa pua, mara mbili, kisha Hakimu Badi akasema, "Kiwanja ni cha aliye kulia."

Hapo Mize akakumbuka. Siku ya Jumapili Mwinyi Hatibu alimletea kanzu hiyo aliyoivaa, aifue na kuifukiza udi uliochanganywa na karafuu na maganda ya machungwa, mchanganyiko ambao hakuna mwingine mjini aliyeutumia. Pamoja na kanzu alimletea kitambaa cha mkono, kifukizwe moshi uleule. Kitambaa kile kilifungiwa bangili mbili za dhahabu, kikapelekwa kwa hakimu, na aliyekipeleka ni Mize mwenyewe, tena akashukuru kwa kupewa kazi.

Basi akaenda moja kwa moja kwa Sultani Darwesh, akapiga magoti. "Maulana, hakimu wako haoni, lakini ananusa."

Sultani akakunja uso. "Ewe mwanamke, umemtukana hakimu wangu. Una shahidi?"

"Sina, maulana."

"Vyema, maana mashahidi hununuliwa. Kesho uniletee ushahidi usio na shahidi. Ukishindwa, utahama mji huu kabla ya jua kutua."

"Nimesikia, maulana. Naomba punda mmoja wa wachota maji. Nawe kesho uje barazani, umeoga maji matupu, usimame kushoto, usiseme neno."

"Na kulia atasimama nani?"

"Punda."

"Punda ana kesi nami?"

"Sheria imesema mdai asionekane uso na asiseme. Haikusema awe na miguu mingapi."

Sultani akauliza, "Anadai nini?"

"Kiti chako, maulana."

Siku ya Jumatano Mize aliamka alfajiri akamfukiza punda udi, karafuu na maganda ya machungwa, kuanzia masikio hata mkia. Punda alipiga chafya mara nne, kisha akazoea. Saa tatu kamili akasimamishwa kulia, na mbele yake pakawekwa pumba ili awe na shughuli.

Karani alimwona Sultani, akamwona punda, akaiangalia karatasi yake, akasoma kama ilivyoandikwa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya karani. "Kwa niaba ya mdai, kinaombwa kiti anachokikalia mshitakiwa."

Pumzi ikavutwa nyuma ya pazia. Punda akaendelea kutafuna taratibu.

"Nimepima pande zote mbili," akasema Hakimu Badi, "nami nimeridhika kwamba aliye kulia ni mtu wa heshima na wa ukoo mwema. Kiti ni chake. Aliye kushoto ni mvamizi asiye na haya, aondoke kabla ya adhuhuri."

Sultani akalivuta pazia kwa mkono wake. Hakimu alikuwa ameshika kile kitambaa puani.

"Mvamizi nimesikia," akasema Sultani. "Hakimu, adhuhuri ni karibu. Nguo zangu nizifungashe au niziache?"

Hakimu Badi akamtazama Sultani, akamtazama punda, akakiangusha kitambaa. Akavuliwa kilemba cha uhakimu palepale, na zile bangili zikatolewa nyumbani kwake. Hapo Sultani akacheka hata akachoka, akataka kukaa. Na kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimeshahukumiwa kuwa cha punda, akakaa chini.

Kisha akamtupia Mize mfuko wa fedha. Mize akaurudisha kwa mikono miwili.

"Kesi yangu haijasikilizwa upya, maulana, na mwamuzi sasa ni wewe. Nikipokea kitu kwako kabla ya hukumu, Mwinyi Hatibu naye atasema hakimu ananusa."

"Na nikikuhukumu vibaya?"

"Nitahama, maulana. Lakini nitahama mikono mitupu."

Sultani akaacha kucheka, akauweka mfuko kando. Mwinyi Hatibu akaitwa, na pazia likaondolewa. Kila mmoja akasema kwa kinywa chake huku akitazamwa, na majirani wanne wa pande nne za kiwanja wakaulizwa mmoja mmoja. Ilipofika alasiri kiwanja kikarudi kwa Mize, pamoja na kisima chake.

Kesho yake asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Mize aliingia kiwanjani, akakuta Mwinyi Hatibu amepanda bamia matuta matatu, nazo zimeshazaa. Akazichuma zote, hata zile changa, akazitia kapuni, akazipeleka mlangoni kwa tajiri.

"Za nini hizi?" akauliza Mwinyi Hatibu. "Umekuja kuniomba radhi?"

"La, bwana. Mbegu zilikuwa zako."

Akazimimina kizingitini, akachukua kapu lake, akaenda kufua.