Kazi ya Popi

Mzee Shemdoe alikuwa na nyumba ya kupangisha wageni juu ya kilima, huko Lushoto, na hakuwahi kukutana na mtu mjanja kumzidi. Mwalimu Apaikunda, asiyeona, alipofika na Popi, mbwa wa kumwongoza, mzee aliziba mlango kwa kitambi chake.

"Wewe karibu. Mbwa hakanyagi mazulia yangu."

"Nilikuandikia kwamba nina mbwa, ukakubali."

"Nilidhani ni mdogo."

"Na kazi yake ataifanya nani?"

Mzee alicheka. "Kazi ya mbwa? Hata mimi naiweza."

"Sawa. Ukishindwa, Popi anaingia."

Mzee alikubali haraka, mgeni asije akabadili mawazo. Popi akalala barazani. Mzee akamshika mwalimu mkono, akamshusha ngazi sitini hadi sokoni, akampandisha. Mwalimu akakumbuka chumvi, wakashuka tena. Walipofika juu akakumbuka kiberiti. Safari ya nne, wauza parachichi walianza kumwita mzee kwa mluzi.

Saa kumi alasiri mzee alifungua mlango mwenyewe. "Popi, baba, karibu ndani," alisema huku akishikilia kiuno.

Siku ya kuondoka, mwalimu alichomoa mkobani fimbo nyeupe ambayo mzee hakuwahi kuiona, akashuka ngazi zote sitini peke yake bila kujikwaa, Popi akimfuata nyuma na mfupa mdomoni.

Jioni mzee alifungua simu asome maoni ya mgeni wake.

"Mwenyeji ni mtiifu, ila anahema kuliko mbwa wangu."