Usingizi wa Mwanamvua

Sogeeni, niwape ya Mwanamvua, msusi wa mikeka. Zimwi la pangoni lilimwambia, "Nipe usingizi wako, nikupe mikono isiyochoka." Akakubali. Akasuka usiku na mchana, mji mzima ukamsifu.

Siku moja mama yake akabisha hodi. Mwanamvua akamtazama, akauliza, "Unataka mkeka wa kiasi gani?"

Mama akalia. Hapo ndipo Mwanamvua alipomtambua. Kwa aibu akakimbilia pangoni kuudai usingizi wake.

"Wewe nani?" zimwi likauliza.

"Msusi."

Likacheka. "Wewe nani?"

"Fundi anayesifiwa na wote."

Likacheka tena. "Wewe nani?"

"Mtoto aliyemsahau mama yake."

Zimwi likamrudishia usingizi wake.

Akarudi nyumbani, asiweze kumtazama mama usoni. Mama akampakata. "Lala, mwanangu."

Akalala, na ngano yangu ikalala naye.