Kiti Kimoja cha Kapteni Koku

Mimi ndiye niliyewaongoza watu elfu mbili kushangilia ajali. Afadhali jambo hili mlisikie kwangu kabla hamjalisikia sokoni, maana huko wanaongeza kwamba nilicheza pia. Sikucheza. Nilirukaruka tu.

Ilikuwa siku ya maonyesho ya ndege kwenye uwanja wa nyasi wa Engarasha, nje ya Arusha, na mimi nilikuwa mshereheshaji. Sijui ndege. Nimepika melini mpaka Durban, nimeuza mitumba Lubumbashi, nimepotea Muskati siku mbili nikitafuta hoteli niliyokuwa nimesimama mbele yake, lakini kuhusu ndege najua mlango wa kuingilia na kile chakula chao kidogo. Kamati ilinichagua kwa sababu nina sauti, na kwa sababu mshereheshaji wa kweli alikuwa na harusi siku hiyo.

Basi akatoka Kapteni Koku na ndege yake kongwe, yenye mabawa ya juu na ya chini, isiyo na paa wala redio. Ikakimbia kwenye nyasi, na kabla haijaacha ardhi ikadunda, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Nikashika kipaza sauti: "Mmeiona hiyo? Hata ndege za Engarasha zinaruka kamba! Makofi kwa kapteni!" Wakapiga. Nikawaambia hayatoshi. Wakasimama, wakapiga tena.

Haikuwa kamba. Gurudumu moja lilikuwa limeingia kwenye shimo la ngiri, na chuma kinacholishikilia kikavunjika. Sisi tunapiga makofi, yeye anapaa, hana habari.

Sasa niwatajie watu watatu. Wote wako hai, wote ni rafiki zangu, na mpaka Jumamosi asubuhi ninatakiwa nimtaje mmoja wao na kuwaacha wawili. Ndiyo maana sili vizuri.

Wa kwanza ni Ombeni, mpiga picha. Kipaji chake ni mikono. Ndege ikipita kwa kasi, sisi wengine tunapata picha ya mawingu na kipande cha mkia. Ombeni anaifuata na kamera taratibu, kiuno kikigeuka kama mlango uliotiwa mafuta, na ndege inatulia ndani ya picha kana kwamba imeegeshwa. Ila hazitazami picha zake. Anasema ukitazama uliyopiga unakosa unayopiga.

Wa pili ni Ndeshi. Kipaji chake ni macho. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye meza ya kuchambua kahawa kiwandani, buni mbovu huku, nzuri kule, mpaka akaweza kuchambua huku anasimulia msiba. Siku hizi anachambua picha. Alikuwa kwenye hema na laptop, na picha za Ombeni alizigawa sehemu tatu alizozipa majina mwenyewe: Ukutani, Labda, na Shimoni. Za Ukutani zilionyeshwa kwenye skrini kubwa watu wazione.

Wa tatu ni Mwalimu Gwandu, mwalimu wa halaiki. Kipaji chake ni kuiona ardhi kama aliye juu. Mnamjua mtu wa aina hii: ndiye anayewapanga watoto uwanjani siku za sherehe mpaka wanakuwa mwenge, au ramani ya nchi, au twiga anayekula. Anachora kwenye karatasi ya miraba, kila mtoto nukta moja. Alikuwa ameleta wanafunzi themanini, na asubuhi walishatuonyesha twiga wao.

Sikilizeni sasa walichofanya.

Ombeni alipiga picha mia tatu na arobaini katika dakika kumi za kwanza. Kapteni Koku alipoilaza ndege ubavu juu yetu, jua lilikuwa limekaa pabaya kabisa, kila mpiga picha mwingine alishusha kamera na kufunika macho. Ombeni hakushusha. Akapiga ndani ya jua lile lile, machozi yakimtoka, kisha akachomoa kadi, akampa Ndeshi kwenye dirisha la hema, akatia nyingine. Hakujua alichopata.

Ndeshi akachambua. Ukutani, Shimoni, Shimoni, Labda. Ikaja picha moja ya hovyo: pua haipo, mkia haupo, tumbo tu la ndege, miguu na vipande vya mabawa. Shimoni. Akaendelea na nyingine tatu, halafu mkono ukasimama. Anasema kiwandani ndivyo ilivyokuwa, mkono hutupa buni kabla jicho halijamaliza kuiangalia. Akaingia Shimoni, akaitoa ile picha, akaikuza. Kisha akaita.

"Ombeni! Ndege hii ina miguu mingapi?"

"Miwili, na kile kijigurudumu cha mkiani. Niache nifanye kazi, dada."

"Huu mmoja umelala."

"Ni kivuli hicho."

"Kivuli hakining'inii, Ombeni. Njoo."

Akaja. Akatazama. Akaketi chini kwenye nyasi, mtu mzima na kamera yake shingoni. Ndipo Ndeshi akatoa kichwa nje ya hema akaniita, "Kaka Mshana, zima hicho kipaza sauti uje," nami nikazima, nikaja, nikaona, nikakumbuka makofi yangu.

Hesabu ilikuwa hivi. Fundi wa ile ndege alisema mafuta yaliyokuwemo ni ya dakika thelathini. Kumi na nne zilishapita. Redio hakuna, maana utamu wa onyesho ulikuwa kuruka kama watu wa zamani, kwa bendera. Bendera nyekundu ilikuwepo, na mwongozaji wa ndege pale uwanjani aliipeperusha mara moja. Lakini bendera nyekundu inasema *usitue*. Haisemi kwa nini. Angezunguka na kuzunguka mpaka mafuta yaishe, kisha angetua kwa miguu yote miwili kama kawaida, kwa uzito wote, na mmoja umevunjika.

"Akijua anaweza kutua kwa mguu mmoja," alisema fundi. "Nimemwona akifanya. Lakini lazima ajue ni upi."

Mwalimu Gwandu alikuwa amesimama nyuma yetu na soda mkononi. Hakuna aliyemwita. Akaitazama picha, akauliza swali moja: "Kulia kwake au kulia kwetu?"

Picha ilipigwa kutoka chini. Mimi nilishageuza kichwa mara tatu na kila mara nikapata jibu jingine.

"Ni upande wa bawa lenye mstari mwekundu," akasema Ndeshi.

"Hiyo inatosha," akasema mwalimu. Akaweka soda chini, akapuliza filimbi.

Watoto themanini wakaingia uwanjani mbio. Waliovaa skafu nyekundu akawapanga bawa moja, wengine bawa la pili, kundi la tatu likawa kiwiliwili katikati, na chini miguu miwili, watoto sita kila mguu. Mguu wa upande wa skafu nyekundu akaulaza ndani. Yote hayo, dakika tatu. Mimi nimeshachukua muda mrefu zaidi kuamua rangi ya soksi.

Kazi yangu ilikuwa kuwashika watu wasijue. Ma Koku, mama yake rubani, alikuwa mstari wa mbele na kitenge kipya, amekuja kutoka Bukoba kumwona mwanawe. Akanigeukia akitabasamu.

"Baba, na hii halaiki ilikuwa kwenye ratiba?"

"Ilikuwepo, mama," nikasema. Nikaenda kusimama nyuma ya spika ili asinione uso. Nikatoa kichekesho cha mtu aliyepanda ndege na kuku wake. Sijui kilivyoisha. Watu walicheka.

Kapteni Koku akapita chini. Akaiona ndege ya watoto. Akatikisa mabawa kwa furaha, akatupungia mkono, akapaa tena.

"Amedhani ni zawadi!" Ombeni akalia. "Mwalimu, amedhani tunamsifu!"

Zilibaki dakika nane.

Mwalimu Gwandu akapuliza filimbi kwa namna nyingine, fupi fupi, na wale watoto sita wa mguu mbovu wakaanguka. Wakainuka. Wakaanguka. Mwili mzima umetulia kama picha, mguu mmoja tu ndio unaoanguka na kuinuka, kuanguka na kuinuka, upande wa nyekundu. Hata mimi nisiyejua kitu niliuelewa.

Akaja tena, chini zaidi, polepole zaidi. Hakupunga. Tukamwona ameinamisha kichwa nje. Akapita, akageuka, akarudi, na safari hii mkono wake ulitoka nje ukanyooka kuelekea lile bawa lenye mstari, ukakaa hapo mpaka akatupita.

Mwalimu akawatoa watoto uwanjani. Nikaacha vichekesho. Watu elfu mbili, na unasikia turubai likipigwa na upepo.

Alishuka ameinama upande, gurudumu zima likagusa, bawa jekundu liko juu. Akakimbia hivyo kwa mguu mmoja, muda ambao mimi naukumbuka kama juma zima, mpaka kasi ilipokwisha na bawa likashuka lenyewe, likalala kwenye nyasi. Propela ikachimba udongo, ndege ikazunguka nusu, ikasimama. Vumbi. Halafu Kapteni Koku akasimama ndani yake, akavua miwani, akaanza kututafuta kwa macho. Ma Koku alikuwa ameshavuka kamba, kitenge kimebaki kwenye kiti.

Hapo wengine wangemalizia. Mimi ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Wiki mbili zilizopita Kapteni Koku alinipigia. Ndege imetengenezwa. Itaruka mara moja tu, kuuzunguka mlima na kurudi, kisha itapelekwa makumbusho ikae huko daima. Ina viti viwili, na kimoja ni chake.

"Nataka nimpandishe aliyeniokoa," akasema. "Mimi nilikuwa juu, sikuona nani alifanya nini. Wewe uliona. Nitajie jina moja, Mshana, Jumamosi asubuhi."

"Moja tu, kapteni?"

"Kiti ni kimoja."

Nikawaita wote watatu nyumbani, nikapika pilau, nikidhani wataachiana kiti. Nilijidanganya.

"Bila picha yangu hakuna habari yoyote," alisema Ombeni. "Wote walifunika macho. Miaka yote hii napiga tumbo la ndege kutoka chini. Mara moja tu nataka kuwa juu."

"Ulipiga usichokijua," Ndeshi akamjibu. "Usingeifungua mpaka Jumanne. Jumanne tungekuwa tunakunja maturubai ya msiba."

"Na wewe uliitupa!"

"Nikaitoa! Nani mwingine hutoa kitu shimoni? Kaka Mshana, mimi nimekaa mezani toka usichana, naangalia vitu vidogo vikinipita. Sijawahi kupanda hata ghorofa ya nne."

Mwalimu Gwandu alikuwa anakula taratibu. "Mlikuwa watu wawili na laptop," akasema. "Mngemwonyesha vipi? Mngeirusha?"

"Wewe ulipanga ulichoambiwa," akasema Ombeni.

"Na ulipanga kwa miguu ya watoto," akaongeza Ndeshi. "Kama ni hivyo, tuwape kiti watoto themanini."

"Watoto nimewauliza," akasema mwalimu. "Wamesema niende mimi. Miaka ishirini na sita nachora vitu vya kutazamwa kutoka juu, na sijawahi kukitazama hata kimoja. Wamesema siku hiyo watapanga twiga, nimwone."

Hakuna aliyemaliza pilau. Toka siku ile Ombeni hampelekei Ndeshi kadi; amenunua laptop yake, anachambua mwenyewe, vibaya. Ndeshi akimwona mwalimu njiani anakumbuka kitu alichosahau nyumbani. Walikuwa watu wa kunywa chai meza moja, na mimi ndiye nitakayetaja jina, na nikitaja lolote napoteza wawili, na nikinyamaza kiti kinaruka kitupu.

Nimejaribu kupima. Mikono isingeshika, macho yasingeona. Macho yasingeona, filimbi isingelia. Filimbi isingelia, mama yule wa Bukoba angerudi nyumbani na kitenge chake tofauti na alivyokuja. Kila ninapomtoa mmoja, rubani anaanguka. Nimeamka saa kumi alfajiri siku nne mfululizo kumtoa mmoja, na kila mara anaanguka.

Nyinyi mmesikia yote, sikuficha hata makofi. Mikono, macho, au filimbi? Je, wewe ungeamua vipi?

Mke wangu alikuwa anachambua mchele wakati wote nilipokuwa nasimulia. Akainua uso.

"Baba Upendo, hiyo ndege ya Jumamosi ni ile ile?"

"Ile ile."

"Ya mguu uliovunjika?"

"Wameutengeneza, mama Upendo."

"Basi hiyo siyo zawadi," akasema. "Panda wewe."