Sindano Itapita Wapi?

Akina mama wa vitambaa mliokaa huku mbele, leo mnisaidie. Nikikosea jina la mshono mnisamehe, mimi kazi yangu ni kufuma maneno tu. Na akina baba msisinzie mkidhani mfano huu ni wa akina mama. Mwisho wake utawageukia.

Palikuwa na mama mmoja mjane, fundi wa kroshia. Makochi ya nyumba yake, meza, redio, hata mtungi wa maji, vyote vilivaa vitambaa vyake. Na nyumba ile ilikuwa na desturi: mtoto akizaliwa, siku ya kutolewa nje mara ya kwanza hufunikwa shali iliyofumwa na mikono ya nyumba hiyohiyo. Ya dukani hapana. Baridi ya kule mlimani haina mchezo, na mama yule alikuwa akisema shali ya dukani inafunika mwili tu.

Mwanawe akaoa, mkewe akapata ujauzito. Mama akanunua uzi mweupe, furaha haina kifani. Hata hajaanza, kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukalala. Ikabidi amfundishe mkwe wake, binti ambaye tangu azaliwe hakuwahi kushika sindano ya kroshia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye moto. Wawili hawa walikuwa hawaivi chungu kimoja. Ufunguo wa stoo, mama alikuwa ameufunga kiunoni kwa kamba ya uzi aliyoisuka mwenyewe, fundo juu ya fundo, na tangu siku alipoufunga hakuwahi kuufungua. Akitaka kufungua mlango, anajibanza ubavu kwa kitasa. Mkwe akitaka unga, aombe. Akitaka sukari ya uji, aombe, na aulizwe ile ya jana imekwenda wapi. Kijana mwenyewe alikuwa mbali, kwenye kambi ya ujenzi wa barabara. Akirudi anakuta nyumba imefagiliwa na wanawake wawili wanasalimiana kwa adabu, basi anajua kuna amani. Wanaume sisi!

Binti alishika sindano mikono inamtoka jasho. Akafundishwa mnyororo: tengeneza kitanzi, zungusha uzi kwenye ndoano ya sindano, uvute upite ndani, umepata kitanzi kingine. Akavuta. Kwa kuogopa usije ukamfumuka mbele ya macho yale, akakaza. Kila kitanzi alikikaza, kisha akakikaza tena. Mnyororo ukawa mgumu kama kamba ya kufungia mbuzi. Alipogeuza ili aanze safu ya pili, sindano haikuingia. Akasukuma, ikateleza, ikamchoma kidole.

"Lete," akasema mama. Akaupapasa kwa mkono wa kushoto. "Fumua."

Akafumua. Kesho yake akaleta tena. "Fumua."

Mnajua kufumua kunavyouma? Unavuta uzi mmoja tu, na kazi ya kutwa nzima inakimbia mbele ya macho yako. Na aliyekuamuru amekaa palepale anakutazama!

Tumbo likawa kubwa. Binti akaanza kuweka nguo zake kwenye begi, moja moja, akilisukuma uvunguni mwa kitanda. Akaapa moyoni: neno lile nikilisikia tena, narudi kwetu, na mtoto huyu atazaliwa kwa mama yangu. Alimaanisha. Aliogopa pia, kwa sababu alimpenda mumewe, na njia ya kwao ilikuwa ndefu kwa mtu wa hali yake.

Asubuhi moja aliomba sukari, akajibiwa kwamba nyumba hii haikujengwa kwa sukari. Akaketi barazani akafuma, machozi yanadondokea uzi. Safu ya pili aliilazimisha kwa nguvu zake zote. Kikatoka kipande kidogo, kigumu, kimejikunja kama ganda la ndizi lililoanikwa juani. Akampelekea mama mkwe.

Mama akachukua sindano kwa mkono wake mmoja mzima, akaitafutia njia. Huku hakuna. Na huku hakuna.

"Kwa nini unakaza hivi?"

"Naogopa kitafumuka, Mama."

"Nani kakwambia kukaza ndiko kunazuia? Safu inayokuja inakaa ndani ya tundu la safu iliyotangulia. Wewe matundu yote umeyaziba. Hebu niambie, sindano itapita wapi?" Akamrudishia kile kipande. "Fumua."

Neno ndilo hilo. Binti akasimama, mkono kiunoni, tumbo limemtangulia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Nimekusikia, Mama. Na mimi je? Katika nyumba hii, mimi nitapita wapi?"

Akaingia ndani. Mama akabaki barazani, akasikia begi likiburutwa kutoka uvunguni. Akaelewa. Kuna mzazi asiyeijua sauti ile?

Wapendwa, mama yule alikuwa na mengi ya kujibu. Kwamba yeye ni mgonjwa. Kwamba stoo ile aliijaza kwa jasho lake, mkwe akiwa bado anacheza kombolela. Kwamba yeye mwenyewe alipoolewa aliyaona makubwa kuliko hayo. Na yote yangekuwa kweli! Lakini hakujibu. Aliushika ufunguo kiunoni, akaanza kulifungua lile fundo.

Fundo likagoma. Alikuwa amelikaza zamani, kwa mikono miwili yenye nguvu, na leo ana mmoja. Akaingiza kucha. Akainama alitie meno, hakulifikia. Hatua za binti zinakuja ukumbini, nzito. Begi likagonga kizingiti.

"Mwanangu," akaita. Hakuwahi kumwita hivyo. "Nimekaza mno. Njoo unisaidie kulegeza."

Binti akasimama mlangoni. Akaitazama njia, akamtazama yule mama aliyeinama na mate yakimtoka upande wa mdomo uliolala. Akaweka begi chini. Akapiga magoti kwa shida, na vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano vikaanza kulitafuta fundo lile. Lilichukua muda. Lilipoachia, ufunguo ukaangukia kiganjani mwake, na mama hakuudai. Akaukunja mkono wa binti juu yake, akalia.

Shali ilipatikana? Ilipatikana, pembeni imepinda, na mtoto akatolewa nje nayo.

Sasa tuje kwetu. Tunaimba mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni akija tunamuuliza sukari ya jana. Baba, mwanao ana ndevu sasa, umeshamwonyesha mpaka wa shamba au bado unasema atalichezea? Wazee wa kanisa, tunalia kwamba vijana hawaingii. Waingilie wapi? Kila kitanzi tumekiziba kwa mikono yetu wenyewe, halafu tunashangaa safu yetu imekuwa ya mwisho. Nami sisemi sisi ni wabaya. Mama yule hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa, kama binti alivyokuwa akiogopa, na woga wa mmoja ukazaa woga wa mwingine.

Wengine mmeanza kumtazama jirani. Acheni, jirani ana kiuno chake. Tutainamisha vichwa sasa, na kila mmoja ajipapase pale alipofunga ufunguo wake. Ukikuta fundo halifunguki kwa mkono mmoja, usione haya kuita. Ita leo, begi likiwa bado mlangoni.