Jembe Lisilorudishwa

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, redio zilikuwepo na betri zake zilianikwa juani zipate nguvu, palikuwa na kigango kimoja mlimani kiitwacho Litumbo. Kanisa la matofali ya udongo, paa la bati, na kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Sogeeni. Wewe unayetafuna, tafuna polepole, hadithi hii ina kesi ndani yake na hukumu mtaitoa ninyi.

Jimbo lile lilikuwa limekaa miaka mitatu bila askofu. Wa zamani alikufa, kiti kikabaki kitupu, na watoto waliokuwa wakingoja askofu awape kipaimara wakangoja mpaka wengine wakaota ndevu. Basi Jumamosi moja, saa saba mchana, redio ikasema: Baba Mtakatifu amemteua Padre Alkuini Ndunguru kuwa askofu wa jimbo.

Alkuini! Mtoto wa Litumbo!

Weee! Rimu iligongwa mpaka nyundo ikaruka mpini. Akina mama walitoka na unga mikononi, vigelegele mlima mzima. Mzee Kapinga akatangaza kilabuni kwamba ndiye aliyemfundisha askofu kupanda baiskeli, na kila kikombe cha komoni kilipoongezeka, baiskeli nayo ilikua, hata jioni ikawa pikipiki. Wapo waliolia kwa furaha. Wapo walionung'unika, maana binadamu hawakosi: "Atatusahau huyo. Aliyefika juu hawaoni tena waliomshikia ngazi." Wakajibiwa palepale, "Mcheza kwao hutunzwa, acheni wivu!"

Mtu mmoja hakupiga kigelegele. Osmunda, mfua vitambaa vya altare, alikuwa kisimani na mikono yake imejaa povu. Aliposikia jina lile likipigiwa kelele, alikaa chini kwenye tope bila kujali gauni lake.

"Alkuini," alisema, taratibu, kama anayeonja chumvi. Miaka thelathini na moja hakuwahi kulitamka jina hilo bila kutanguliza Padre.

Mjueni Osmunda. Wenzake wa rika waliitwa Mama Fulani na Bibi Fulani. Yeye aliitwa Osmunda mpaka mvi zikamwotea, kwa kuwa hakuolewa wala hakuzaa. Walimtania, "Sista wa Nyumbani." Naye alicheka nao, akaenda zake kufua.

Sasa sikilizeni desturi ya Litumbo, maana kesi yote imekaa hapo. Mtoto wa kwao akiwa padre, haendi altareni kwa miguu yake tu. Hungoja mlangoni mwa kanisa, macho ameyafumba, mshumaa mkono wa kushoto, na mkono wa kuume ameunyoosha. Yule aliyemtoa kwa Mungu huja, humshika mkono huo, humtembeza mpaka ngazi ya altare, na pale huuachia. Ni mtu mmoja tu, kwa sababu mkono wa kuume ni mmoja. Na mtolewa hachagui. Kigango ndicho husema ni nani.

Alkuini alikuwa hajafanyiwa hivyo. Siku ya upadrisho wake mjini ilikuwa masika, mto ulibeba daraja, hakuna aliyetoka Litumbo. Kisha wakampeleka ng'ambo kufundisha, akawa mtu wa barua. Na sasa, baada ya wiki chache, barua ikaja tena, ikasomwa kanisani Jumapili na Mwalimu Otmari, katekista: "Sijatolewa bado. Kabla sijakalia kiti cha askofu, nitakuja Jumapili ijayo nitolewe kwetu. Aliyenitoa anishike mkono. Ni nani, mtasema ninyi."

Watu wakapiga makofi. Osmunda alibaki na maneno mawili. Sijatolewa bado. Alilala nayo, akaamka nayo, akafua nayo.

Alhamisi mchana kigango kikakutana. Mwalimu Otmari hakuwa na wasiwasi hata kidogo, akasema, "Aliyemtoa asimame, tumalize mapema, watu wana mashamba."

Wakasimama wanawake wawili.

Wa kwanza Eufrasia, mwenye fimbo, mama aliyemzaa. Alikuwa amesafiri siku mbili kutoka kwao.

"Nilimzaa kwa uchungu wa siku tatu," alisema. "Mume wangu akafa, nikakataa kurithiwa na shemeji. Ukoo ukaniambia, haya, nenda, ila mtoto ni wetu, abaki. Alikuwa na miaka minne. Alishika upindo wa kanga yangu, pale njiani, mbele ya wazee wenu. Nilivifungua vidole vyake kimoja kimoja. Sikuzaa tena. Sina mjukuu, na sitampata. Kama huko si kutoa, basi sijui kutoa ni nini."

Akina mama wakajifuta macho. "Ametoa! Ametoa huyo!"

Wa pili Gaudensia, shangazi mtu, aliyemlea. Mkubwa wa sauti, mkubwa wa mwili, na mwanawe Kanisius akiwa ameegemea ukuta nyuma yake.

"Machozi ni mazuri, wifi," alisema, "ila vidole vile ulivyofungua vilikuja kunishika mimi. Nilimlea. Wakaja mapadre kutafuta vijana wa seminari, mmoja kwa kila nyumba. Kwangu walifaulu wawili, wake na wangu. Huyu Kanisius alifaulu, tena kwa alama za juu! Nikasema aende yatima, wasije kusema shangazi alimbagua. Wangu akabaki na jembe. Mwangalieni viganja vyake. Nimetoa watoto wawili kwa mpigo mmoja."

"Au ulimpeleka wangu ukabaki na wako wa kukutunza uzeeni?" Eufrasia alimrudishia.

Hapo pakachafuka. Benchi za kulia upande wa Eufrasia, benchi za kushoto upande wa Gaudensia, Mwalimu Otmari akigonga meza, "Jamani, tumo kanisani!" Kanisius alitazama viganja vyake akavificha mfukoni.

Na Osmunda? Alikaa karibu na mlango, kifurushi mapajani. Siku zote tano tangu barua isomwe alikuwa akibishana na nafsi yake. Nikisema, nitamwaibisha askofu kabla hajavaa kofia. Nisiposema, mwingine atamshika mkono, nami nitakuwa pale nyuma nikitengeneza maua. Alitamani mkono ule. Msinitazame hivyo, nimesema alitamani. Hakuwaza jingine lolote, bali mkono tu, mara moja, hadharani, bila kuiba. Mwalimu alipokaribia kuhesabu mikono ya kura, miguu ya Osmunda ilisimama yenyewe.

"Na mimi nimo."

Watu wakacheka. "Sista wa Nyumbani, wewe ulimzaa lini?"

Osmunda alifungua kifurushi. Ndani ya kitenge mlikuwa na jembe, limepakwa mafuta, halina mpini, halijawahi kugusa udongo. Kicheko kikakatika, maana kule jembe jipya huwa na maana moja. Ni posa. Binti akiliingiza ndani, amekubali. Asipotaka, hulirudisha kwao kijana, na kila mtu huendelea na maisha yake.

"Alilileta mwenyewe," alisema Osmunda. "Mwaka wake wa mwisho seminarini, likizo ya kiangazi. Alikuwa bado hajaweka ahadi yoyote kwa Kanisa, kwa hiyo msimfikirie vibaya. Alinikuta namenya mihogo, nikaliingiza ndani. Siku ya tatu ikaja barua kutoka seminari, wanamngoja. Akaja nayo kwangu. Akasema, 'Osmunda, ukisema nibaki nabaki, naichana hapahapa.' Nilimwangalia. Alikuwa akiikunja ile barua, taratibu, kwa kufuata mikunjo yake. Nikajua. Mtu anayetaka kuchana hakunji. Nikasema, 'Nenda.' Akaniuliza, 'Na jembe?' Nikasema nitalirudisha kwenu."

Osmunda alilifuta jembe kwa pindo la kitenge. 

"Ningesema neno moja tu," alimalizia, "leo msingekuwa na askofu."

Eufrasia aliinuka. "Kumbe ni wewe! Nilikuwa na mkamwana hapa na sikumjua! Wajukuu wangu wewe ndiye uliyeninyima!"

"Na wanangu pia, mama," alisema Osmunda.

Eufrasia akakaa.

Lakini Gaudensia hakuwa mtu wa kukaa. Alilinyooshea jembe kidole. "Subirini kwanza. Msichukuliwe na maneno matamu. Sote tunaijua desturi. Jembe la posa lisiporudishwa, posa haijavunjika. Wewe mdomo ulisema nenda, mkono ukang'ang'ania. Mimi ndiye shangazi yake, jembe hilo lingerudi mikononi mwangu, na halikurudi. Miaka thelathini na moja! Basi hukumtoa. Sisi tulimtoa. Keti."

Ilikuwa kweli, na Osmunda alijua kuwa ni kweli. Kila msimu wa kupanda alilibeba mpaka njia panda ya kwa Gaudensia, na kila msimu akageuka, akisingizia mvua, akisingizia jua. Alijiambia ni jembe tu. Uongo mtupu.

"Shangazi, umesema kweli," alijibu. "Sikumtoa. Ila nisikilizeni. Mama Eufrasia alimtoa akiwa na miaka minne. Wewe ulimtoa akiwa na miaka kumi na mitatu. Kitu ukishakitoa, hunacho tena. Humu ndani aliyebaki naye ni mimi. Ninyi mtampa Mungu nini Jumapili? Mimi ndiye mwenye cha kutoa. Kutoka mlangoni mpaka ngazini ni hatua ishirini na tatu, nimezihesabu nikifagia. Nipeni hizo. Nikifika nitamwachia, mbele yenu nyote, na jembe nitalilaza miguuni mwa Shangazi."

"Watu watasemaje?" aliguna Mwalimu Otmari. "Askofu hajaanza kazi, tayari ana jembe kwa mwanamke!"

"Waseme walivyosema walipodhani mimi ni mti mkavu," alisema Osmunda. Akalifunika jembe.

Walibishana mpaka jua likazama. Ijumaa wakabishana. Jumamosi wakabishana huku wakichinja mbuzi wa sherehe. Hawakupatana, mbuzi akaiva, na Jumapili haikungoja mtu.

Gari likapanda mlima. Vigelegele, vumbi, rimu ikigongwa. Akashuka mtu mwenye mvi, kanzu nyeupe, akawapungia watu, akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni mwa kanisa. Akapokea mshumaa kwa mkono wa kushoto. Akafumba macho, kama desturi inavyotaka. Akaunyoosha mkono wa kuume.

Eufrasia amesimama na fimbo yake, midomo inacheza. Gaudensia amemshika Kanisius begani. Osmunda yuko hatua moja nyuma yao, kitenge kifuani, na usiku wa jana hakulala, alipaka jembe mafuta upya. Mwalimu Otmari amepanua mdomo ataje jina, na jina halijatoka.

Mimi nanyamaza hapa. Hadithi ni yenu sasa. Na asiniambie mtu "wote watatu," mkono wa kushoto una mshumaa. Wala asiniambie "achague mwenyewe," amefumba macho, na mtolewa hachagui.

Je, ni nani alistahili kuushika mkono ule? Ni aliyevifungua vidole njiani, ni aliyemwacha mwanawe na jembe, au ni huyu aliyesema nenda na asilirudishe lake? Semeni, na semeni upesi. Mkono ulionyooshwa huchoka.